Presha Nzuri, Damu Inamwagika

Mama amejifungua saa moja iliyopita. Chati ya wodi ya wazazi inasema presha 110/85, mapigo 112. Mwanafunzi wa uuguzi aliyezoea kutazama presha kwanza ataridhika. Mkunga mzoefu atafunua shuka.

Kwa mtu anayepoteza damu, presha ni ya mwisho kusema ukweli, maana mwili wenyewe unahangaika kuificha hasara. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Zikianza kupungua, vihisio vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kwenye tao la aota hugundua kwamba kuta hazitanuki kama kawaida. Ndani ya sekunde chache, shina la ubongo huamuru moyo uende mbio na mishipa midogo ya ngozi, utumbo na figo ijikaze. Mwili hufanya kama mzazi aliyekatwa mshahara: ada inalipwa, nyama inasubiri. Ada ni ubongo na moyo. Nyama ni ngozi, ndiyo maana vidole hupoa, na ukibonyeza ukucha rangi huchelewa kurudi.

Hebu tuisome tena ile 110/85. Namba ya juu hutegemea zaidi kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa pigo moja. Ya chini hutegemea zaidi jinsi mishipa ilivyojikaza. Damu ikipungua, ya juu huteremka kidogo na ya chini hupanda. Tuseme mama huyu kliniki alikuwa na 118/72: pengo la 46 limebaki 25, na anayesoma namba ya juu peke yake hatashtuka. Kisha gawanya mapigo kwa namba ya juu. 112 kwa 110 inazidi 1, na kwa mama aliyetoka kujifungua hata 0.9 inatosha kumwita daktari.

Figo nazo hubana. Hutoa renini, ambayo kupitia angiotensini huleta aldosteroni ya kuzuia chumvi isipotee, huku ubongo ukitoa vasopresini ya kuzuia maji. Mama wa kilo 60 akitoa mkojo chini ya mililita 30 kwa saa, figo zinalalamika. Mfuko wa mkojo hautazamwi inavyostahili, nadhani kwa kuwa hauna kengele.

Ujauzito huongeza ugumu. Maji ya damu huongezeka kwa zaidi ya theluthi, kwa hiyo mama anaweza kupoteza karibu lita nzima akiwa bado anaongea vizuri. Na mji wa mimba uliokomaa hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Kondo la nyuma likitoka, mishipa iliyokuwa ikipitisha damu hiyo hufungwa na msuli wa mji wa mimba unaojikunja. Msuli ukilegea, haifungiki.

Hasara ikipita theluthi ya damu yote, ujanja huisha na presha huporomoka. Chembe zilizokosa oksijeni hutengeneza asidi laktiki. Asidi na baridi huidhoofisha damu isigande. Isipoganda, inamwagika zaidi na mgonjwa anazidi kupoa. Hapo dripu nyingi za maji zinaweza hata kudhuru, kwa kuwa zinazimua viambato vya kugandisha damu. Anachohitaji ni damu, na blanketi.

Ni bora hasara igundulike kabla haijafika hapo. Ndiyo maana utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ukatangazwa mwaka 2023, ulianza na kitu cha kawaida kabisa: plastiki yenye alama za mililita inayotandikwa chini ya mama, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Ikigundulika inazidi, tiba zote zilitolewa kwa mkupuo: kukanda mji wa mimba, oksitosini, asidi traneksamiki, dripu, na kutafuta chanzo. Kutokwa damu kupita kiasi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kufa kwa sababu hiyo, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 60. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likaelekeza tiba ianze mapema, damu ikifika mililita 300, endapo mapigo au presha vimeyumba, bila kungoja zile 500 za zamani.