Si Kila Jani Huchemshwa

Hapa kwetu pwani si rahisi kupita mtaa usio na mwarobaini. Homa ikimwingia mtu, majani huchumwa, yakachemshwa sufuriani, mgonjwa akanywa uchungu ule na kujifukiza. Siwalaumu wafanyao hivyo. Tumefunzwa kuwa hapana maradhi yasiyoteremshiwa dawa, na dawa mbili kubwa za malaria zimetoka katika mimea kweli.

Ya kwanza ni kwinini, ya maganda ya mti wa Amerika ya Kusini. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820. Ya pili ndiyo yenye funzo kwetu.

Mwaka 1969 mtaalamu wa Uchina, Bi Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria katika tiba za kale. Aliujaribu mmea uitwao qinghao, lakini leo ulifaa, kesho haukufaa. Akarudi vitabuni. Tabibu Ge Hong, aliyeishi zaidi ya miaka 1600 iliyopita, aliandika kuwa mwenye homa achukue konzi moja ya mmea huo, airoweke majini, aikamue, anywe. Moto haukutajwa. Hapo Bi Tu akang'amua kuwa huenda joto ndilo liuwalo dawa. Akatumia etha, ichemkayo kwa nyuzi 35 tu, na mwaka 1971 dawa yake ikaangamiza vijidudu vyote katika panya na kima. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakaijaribu miilini mwao. Mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Dawa hiyo, atemisinini, ndiyo asili ya vidonge vya AL, vilivyochaguliwa na Kenya mwaka 2004 baada ya vijidudu kuzizoea dawa za awali.

Basi, ndugu msomaji, mmea ni ule ule. Njia ya kuitoa dawa ndiyo iliyoleta tofauti. Na mwarobaini wetu je? Maabarani umeonyesha nguvu juu ya vijidudu vya malaria, lakini haujathibitishwa kumponya mgonjwa, na mafuta yake yamewahi kudhuru watoto wachanga. Malaria kali nayo haingoji. Huweza kumwua mtoto kwa siku moja au mbili.

Nionavyo mimi, kuiheshimu miti ya wazee si kumnywesha mtoto na kungoja. Apimwe damu, amalize vidonge vyake. Nao wataalamu wetu waupime mwarobaini kwa subira ile ile ya Bi Tu.