Fidia kwa Mapafu Yaliyoharibiwa na Vumbi la Mgodini
Silikosisi husababishwa na vumbi laini la mawe linaloacha makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayaponi. Mtu wa Dirma, Hanang, aliyeupata ugonjwa huu akiwa ameajiriwa kwenye migodi ya tanzanaiti ya Mirerani anaweza kudai fidia kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015. Mwajiri hutoa taarifa, kisha madaktari huthibitisha ugonjwa na kukadiria ulemavu. Ukizidi asilimia 30, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Usipozidi, malipo ya mkupuo.

Kikwazo ni ajira yenyewe. Wanaapolo, yaani wachimbaji wa Mirerani, wengi hushuka shimoni bila mkataba, kwa chakula na ahadi ya mgawo jiwe likipatikana. Picha ya eksirei huonyesha makovu. Jina la mwajiri hailionyeshi.