Likizo ya Kazini na Likizo ya Jikoni

Mtu anayeamua, baada ya ushauri wa daktari, kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, kwa kawaida huwa ameshapita njia ndefu. Amejinyima chakula, ametembea alfajiri na jioni, amemeza dawa za kisukari na za shinikizo la damu, na magoti bado yanamlalamikia kila apandapo ngazi. Makala haya hayamshawishi mtu afanyiwe wala asifanyiwe. Hilo ni baina yake, daktari wake na jamaa zake. Twataka kuzungumzia jambo lionekanalo dogo, nalo ni siku za kupumzika baada ya kisu. Familia hukusanya fedha za hospitali hadi shilingi ya mwisho, kisha ikasahau kupanga siku. Na ikipanga, hupanga likizo ya afisini pekee. Mama wa nyumbani ana kazi mbili, na ile ya pili haina bosi wa kumtilia sahihi ruhusa.

Kwa nini mwili wahitaji siku

Katika aina ya upasuaji inayofanywa sana siku hizi, daktari huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, akabakisha sehemu nyembamba mfano wa ndizi. Katika aina nyingine, hutengenezwa kifuko kidogo kikaunganishwa na utumbo. Aghalabu kazi yote hufanywa kupitia matundu machache madogo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ngozi hufunga upesi, mgonjwa akaonekana mzima, wala hakuna aonaye kuwa ndani mna mshono mrefu unaohitaji wiki kadhaa kushikamana. Mshono huo ukivuja, ni hatari ya maisha.

Ndiyo sababu chakula huanza kwa maji na supu iliyochujwa, kikafuata kilichosagwa, kisha kilicho laini, na kwa kawaida mtu hurejea chakula cha kutafuna baada ya wiki 6 hadi 8. Katika muda huo anakula vijiko vichache tu, na nguvu zake ni za vijiko vichache. Machovu yake si uvivu.

Hesabu ya siku

Wengi hulala hospitali usiku mmoja hadi mitatu. Mwenye kazi ya kuketi kwa kawaida huweza kurudi baada ya wiki 2 hadi 3. Mwenye kazi ya kusimama kutwa au kuinua mizigo huhitaji wiki 4 hadi 6. Daktari aweza kuongeza au kupunguza, lakini aulizwe kabla ya upasuaji, si baada.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Sharti lake ni hati ya daktari, na mwajiri kuarifiwa mapema iwezekanavyo. Mikataba mingi hutoa zaidi, basi mkataba usomwe. Lakini anayetegemea siku hizo 14 peke yake ataona kuwa huenda zisimtoshe hata mwenye kazi ya kuketi. Kwa hivyo ni busara kuhifadhi likizo ya mwaka, ambayo sheria yataka isipungue siku 21 za kazi, ili iunganishwe na ile ya ugonjwa. Mwalimu naye aweza kuomba siku ya upasuaji iangukie mwanzo wa likizo ya shule.

Wako wanaoona haya kumweleza mwajiri. Waelewe kwamba habari za afya ya mtu ni amana, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data yazihesabu kuwa habari nyeti. Mkubwa wa kazi akiambiwa, hana ruhusa ya kuzitangaza katika meza ya chai.

Anayejiajiri ndiye mwenye mtihani mkubwa zaidi. Mama anayekaanga viazi karai mlangoni, au mshonaji wa mabuibui, hana likizo wala nusu mshahara. Afanye hesabu mapema. Ikiwa faida yake ni shilingi 800 kwa siku, naye hufanya kazi siku sita kwa wiki, basi wiki 6 ni siku 36, sawa na shilingi 28,800. Fedha hizo ni sehemu ya gharama ya upasuaji kama zilivyo za chumba na dawa. Zisipowekwa kando, njaa ya watoto itamtoa kitandani kabla ya wakati wake.

Kazi ya pili

Sasa tuingie nyumbani. Madaktari wengi humkataza mgonjwa kuinua kitu kizito, takriban zaidi ya kilo 5, kwa wiki 4 hadi 6. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20. Mtoto wa mwaka mmoja, sufuria ya wali wa nazi kwa watu kumi, beseni la nguo mbichi: vyote hivyo vimo katika katazo. Mwanamke aliyepewa wiki 3 na afisi, kisha akazitumia kupandisha maji ghorofani, hakupata likizo. Amebadilishiwa mahali pa kazi tu.

Kwa hivyo waume na wana wakae pamoja kabla ya siku yenyewe, wagawane kazi kwa majina. Nani atapika? Nani atafua? Nani atampeleka mtoto chuoni na kumrudisha? Wifi akija kusaidia, aje kwa tarehe zinazojulikana. Jambo lililoachwa kuwa "tutasaidiana" mara nyingi humrudia mgonjwa mwenyewe.

Na wageni? Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Muislamu juu ya nduguye, nasi hatusemi mlango ufungwe. Lakini mgeni anayeketi saa tatu akingojea chai humwinua mgonjwa kitandani. Aje kwa muda mfupi, akoshe vikombe, na asimletee biriani wala halua mtu ambaye hajaruhusiwa kutafuna. Wala asimuulize kwa nini hakujinyima tu.

Kupumzika si kulala

Ilhali tunahimiza mapumziko, tusieleweke vibaya. Damu huweza kuganda miguuni mwa mtu aliyelala tu, na bonge likapanda mapafuni. Mgonjwa anatakiwa atembee kidogo kidogo chumbani tangu siku ya kwanza. Na aliyefanyiwa Nairobi asikimbilie basi la Mombasa, safari ya kilomita zipatazo 480, kabla ya kuruhusiwa. Ni vyema apate jamaa wa kukaa kwake karibu na hospitali kwa siku za mwanzo.

Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, pumzi kubana, au mguu mmoja kuvimba na kuuma: lolote katika haya ni la kurudi hospitali saa hiyo hiyo, si la kusubiri asubuhi. Na aliyekuwa akitumia dawa za kisukari au presha asirejee kipimo cha zamani bila kuuliza, kwani mahitaji ya mwili hubadilika upesi.

Kalenda yetu pia itazamwe. Aliyefanyiwa upasuaji hunywa maji kwa funda ndogo ndogo kutwa nzima; hawezi kuyafidia kwa mkupuo baada ya magharibi. Kwa hivyo asipange upasuaji karibu na Ramadhani akidhani atafunga kama kawaida. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, na swala huswaliwa kwa kuketi na kuashiria kwa asiyeweza kusimama na kusujudu. Mwenye kutaraji kuzaa naye ajue kuwa hushauriwa angojee miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba.

Mwili ni amana, na una haki juu yetu. Mwenye kumtakia shifaa mkewe, mamake au dadake asiishie kwenye dua. Leo, kabla ya tarehe ya hospitali kuandikwa, aulize ni nani atakayebeba ule mtungi wa maji kwa wiki 6, na jina la huyo liandikwe. Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.