Mfano, Kielelezo au Kiwakilishi? Istilahi ya Kumtaja Mnyama wa Maabara katika Kiswahili cha Sayansi

Ikisiri

Wanabiolojia huchunguza maumbile na maradhi ya binadamu kupitia viumbe wachache waliochaguliwa, kama vile panya, nzi wa matunda, minyoo na hamira. Katika Kiswahili viumbe hao hutajwa kwa majina yanayopishana, na kila jina hubeba dai lake kuhusu uhusiano wa kiumbe huyo na binadamu. Makala haya yanaeleza kazi ya viumbe hao kwa kurejelea utafiti wa malaria wenye chimbuko lake Katanga, kisha yanapima istilahi tatu. Yanahitimisha kwamba istilahi kiumbe kiwakilishi inafaa zaidi, hasa kwa msomaji anayeombwa ridhaa ya kushiriki katika majaribio ya dawa.

1. Utangulizi

Mzazi anayeombwa kumruhusu mwanawe ashiriki katika majaribio ya dawa husomewa fomu ya ridhaa. Humo huelezwa kwamba dawa imekwisha kujaribiwa kwa wanyama. Kwa mwanasayansi, maelezo hayo ni ya kawaida. Kwa mzazi, ni sehemu ya msingi wa uamuzi mzito: je, kilichomfaa panya kitamfaa mtoto? Jibu analojipatia hutegemea, kwa kiasi kikubwa, neno lililotumika kumtaja panya huyo. Kwa hiyo suala la istilahi hapa halihusu usanifu wa lugha peke yake. Linahusu pia haki ya mtu kuelewa anachokikubali.

2. Sifa za Kiumbe Anayechaguliwa

Kiumbe huchaguliwa kwa sababu anafugika maabara, huzaa haraka, na michakato ya mwili wake inayochunguzwa inalingana kwa kiasi fulani na ya viumbe wengine. Nzi wa matunda hukua kutoka yai hadi utu uzima kwa takribani siku 10. Mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans ana urefu wa takribani milimita 1, mwili wake ni angavu, na mnyoo mwenye jinsia mbili ana seli za neva 302 tu. Utafiti juu ya mnyoo huyo ndio uliomwezesha Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, kushiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002 pamoja na wenzake wawili.

Ni muhimu kuzingatia kwamba hakuna miongoni mwa viumbe hao aliyechaguliwa kwa kuwa anafanana na binadamu katika kila jambo. Huchaguliwa kwa jambo mahususi. Nje ya jambo hilo, ufanano hauwezi kuchukuliwa kuwa umethibitishwa.

3. Panya wa Katanga na Malaria ya Binadamu

Kimelea Plasmodium falciparum, kinachosababisha malaria kali zaidi kwa binadamu, hakistawi katika damu ya panya wa kawaida wa maabara. Kikwazo hicho kilipata njia mbadala mwaka 1948, Ignace Vincke na Marcel Lips walipoeleza kimelea walichokigundua kwa panya wa porini huko Katanga, katika Kongo ya wakati huo. Kimelea hicho, Plasmodium berghei, kiliweza kuhamishiwa kwa panya wa maabara. Tangu hapo, maabara za mabara mbalimbali zimechunguza malaria kwa kutumia kimelea chenye asili ya Afrika ya Kati.

Manufaa yake yameonekana. Mwaka 1971 nchini China, Tu Youyou na wenzake walipata kimiminika cha mmea wa artemisia kilichowaponya panya walioambukizwa Plasmodium berghei. Mwaka uliofuata, Tu na baadhi ya wenzake walikinywa wao wenyewe kupima usalama wake kabla ya kuwapa wagonjwa. Kazi hiyo ilizaa artemisinini, msingi wa dawa za mseto zinazotumika leo kutibu malaria, na Tu alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Hata hivyo, tofauti zipo. Katika damu, Plasmodium berghei hukamilisha mzunguko wake kwa takribani saa 24, ilhali Plasmodium falciparum huchukua takribani saa 48. Katika ini, cha kwanza hukomaa kwa takribani siku 2, cha pili kwa takribani siku 6 hadi 7. Tofauti iliyozua mjadala mkubwa zaidi inahusu malaria inayoathiri ubongo. Kwa binadamu, seli nyekundu zilizoambukizwa hunasa katika mishipa midogo ya ubongo. Kwa panya, seli nyeupe za kinga ndizo zinazoonekana kuwa na nafasi kubwa. Dawa inayozuia tatizo la pili si lazima izuie la kwanza.

4. Si Kila Mnyama wa Maabara ni Kiwakilishi

Mfano wa Uganda unabainisha mpaka wa dhana hii. Mwezi Aprili 1947, watafiti wa homa ya manjano waliweka kima katika vizimba juu ya majukwaa ndani ya Msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Kima mmoja alipopata homa, seramu yake ilidungwa katika ubongo wa panya wa maabara, nao wakaugua. Kwa njia hiyo virusi vya Zika vilitambuliwa kwa mara ya kwanza.

Katika kisa hiki kima alikuwa kama mlinzi anayetoa ishara ya hatari, na panya walitumika kuvikuza virusi ili vitambulike. Hakuna aliyekuwa akisimama badala ya mgonjwa. Kuwaita wote kwa jina moja kunaficha tofauti ya kazi zao.

5. Kupima Istilahi

Neno mfano lina maana pana mno. Panya anapoitwa kiumbe mfano, msomaji anaweza kudhani kwamba yeye ni mmoja wa kundi lilelile, kama embe moja lilivyo mfano wa maembe yote ya kapuni. Neno kielelezo linaelekea upande wa uthibitisho: mahakamani, kielelezo ni kitu kinachotolewa kuthibitisha dai. Msomaji anaweza kuelewa kwamba matokeo ya panya yamekwisha kuthibitisha jambo kuhusu binadamu.

Neno kiwakilishi linatoka katika sarufi, na humo ndimo ubora wake ulimo. Katika sentensi "Yeye ameondoka", neno yeye linashika nafasi ya nomino na kubainisha nafsi na idadi. Lakini halisemi kama aliyeondoka ni mwanamke au mwanamume, mzee au kijana. Linasimama badala ya nomino bila kubeba habari zake zote. Ndivyo panya mwenye Plasmodium berghei anavyosimama badala ya mgonjwa wa malaria.

Huenda ikapingwa kwamba neno hilo tayari lina kazi katika sarufi. Pingamizi hili si zito, kwani mzizi na shina hutumika katika sarufi na katika elimu ya mimea bila kuleta utata. Utata ulio mzito zaidi umo katika neno panya, linalojumuisha spishi mbili kuu za maabara, moja ndogo na nyingine kubwa. Inafaa kutofautisha panya mdogo wa maabara na panya mkubwa wa maabara.

6. Hitimisho

Istilahi bora haitoshi bila maelezo yanayoifuata. Kila inapotumika, inapasa kutajwa kiumbe gani alihusika, anawakilisha jambo lipi, na uwakilishi huo unakomea wapi. Badala ya kuandika kwamba dawa "imefanikiwa kwa viumbe mfano", fomu inaweza kusema: "Dawa hii iliwaponya panya wadogo wa maabara waliokuwa na malaria ya panya. Malaria ya binadamu husababishwa na vimelea vingine. Bado haijulikani kama dawa hii itamponya mtoto wako. Hilo ndilo utafiti huu unalotaka kulijua." Maelezo hayo ni marefu zaidi, lakini yanamwezesha mzazi kukubali au kukataa akiwa anajua anachoombwa.