Moshi wa Baba Humfikia Bibi

Jioni baba anarudi kutoka kazini, anavua viatu, anakaa kwenye kiti chake na kuwasha sigara. Watoto wanaambiwa wakacheze nje, maana siku hizi kila mama anajua kwamba moshi huwaletea kikohozi na pumu. Lakini Bibi habanduki. Magoti yanamuuma, na hiyo ndiyo saa pekee ya kuongea na mwanawe. Hajavuta sigara maisha yake yote, lakini kila jioni anavuta moshi wa mwenzake.

Akina mama, nayasema haya kwa sababu yalikuwa nyumbani kwangu. Mama mkwe alikaa nasi miaka minne. Alipoanza kuuliza jambo lile lile mara tatu kabla chakula hakijaiva, nilijiambia kuwa ni uzee tu. Uzee tunausingizia mengi!

Kusahau mahali ulipoweka miwani ni jambo la kawaida. Kusahau njia ya kurudi nyumbani, au kushindwa kupika ulichopika miaka hamsini, ni jambo jingine. Huo ni ugonjwa wa ubongo, nao huitwa dimensia. Si uchawi, wala si ukaidi wa wazee. Mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 duniani walikuwa nao, na wengi wao waliishi katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati kama zetu.

Moshi unahusikaje? Ubongo hulishwa na damu inayopita katika mishipa, mingine myembamba sana. Moshi wa sigara huharibu mishipa hiyo na kuifanya damu igande upesi. Taarifa ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilisema kwamba asiyevuta, akivuta moshi wa wengine nyumbani au kazini, hatari yake ya kupata ugonjwa wa moyo huongezeka kwa asilimia 25 hadi 30. Na kinachoziba mishipa ya moyo hakiiachi ile ya ubongo.

Huko Uingereza watafiti walipima mate ya watu zaidi ya 4,800 wasiovuta sigara, wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Walitafuta kotinini, ambayo mwili huitengeneza kutokana na nikotini. (Mtu aweza kusema hakai na wavutaji, mate yake yatasema kweli.) Matokeo yalitolewa mwaka 2009. Waliokuwa na kotinini nyingi zaidi walikuwa na uwezekano wa udhaifu wa kukumbuka na kufikiri uliozidi kwa asilimia 44, wakilinganishwa na waliokuwa nayo kidogo kabisa. Ni kweli, kipimo cha namna hiyo peke yake hakithibitishi kwamba moshi ndio chanzo. Hata hivyo, mimi sikutaka kungoja uthibitisho mwingine huku Bibi amekaa ndani ya moshi.

Kufungua dirisha hakutoshi, wala kuvutia chumba cha pili. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zinakataza kuvuta katika sehemu za watu wengi, lakini sebuleni kwako hakuna askari. Ni wewe na baba watoto.

Usimwambie mbele ya wageni, wala kwa makelele. Mimi nilingoja tuwe wawili, nikamwambia, "Baba, mama hakai pale kwa ajili ya kiti. Anakaa kwa ajili yako." Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alichukua kigoda akaenda kuvutia chini ya mwembe, mbali na mlango.

Mama mkwe tulimpeleka hospitali akapimwa shinikizo la damu, sukari na masikio, maana usahaulifu mwingine una sababu zinazotibika. Shinikizo lilikuwa juu, akaanzishiwa dawa.

Jioni ile ile alimfuata mwanawe mwembeni na mkeka wake. Mume wangu alipomwona anakuja, aliizima sigara kabla hajaimaliza.