Wanaosikiliza Garimoshi Wakiwa Sebuleni

Hapa Ushongo hatuna reli. Tuna mchanga, minazi, ngalawa na barabara ya vumbi iendayo Bweni, mkabala na Pangani mjini. Mwenye hamu ya kuona garimoshi hana budi kwenda Muheza au Tanga, na hata akifika huko anaweza kushinda kutwa asione hata behewa la mizigo. Ndiyo sababu tulishangaa wakati wa likizo ya Krismasi iliyopita, tulipogundua kwamba kijana wetu anayesomea ufundi wa umeme alikuwa akikesha kufuatilia treni.

Kila usiku baada ya chakula na sala aliweka mezani kompyuta yake ya mtumba, akavaa visikilizio na kunyamaza. Kwenye kioo palikuwa na mistari mirefu iliyobadilika rangi, na kando yake daftari la saa na namba. Sisi wazazi tukaanza kunong'onezana chumbani. Siku hizi tunasikia mengi kuhusu vijana na kompyuta, kamari ikiwa ya kwanza, na zile namba zilitutia shaka. Tuliliombea jambo hilo kwa siku tatu. Leo tunajicheka, maana tungeweza kumwuliza tu.

Tulipomwuliza, alituvutia kiti na kuchomoa visikilizio. "Sikiliza, Mama."

Sauti ya mwanamume ilisema jambo kwa Kiingereza cha haraka, na mwingine akalirudia neno kwa neno. Kisha ikaja sauti ya tatu, kavu, isiyovuta pumzi, ikitaja idadi ya ekseli. Hiyo, alitueleza, si ya mtu. Ni mashine iliyofungwa kando ya reli huko Marekani. Treni inapopita, mashine huhesabu ekseli, hupima joto la beringi za magurudumu, kisha humtangazia dereva kwa redio kama kuna kasoro au hakuna. Sisi wauguzi hatukuhitaji maelezo zaidi. Hicho ni kipimajoto cha treni.

Basi tukafahamishwa kwamba duniani kuna watu wengi, wengine wazee wenye wajukuu, ambao burudani yao ni kujua treni ipi iko wapi. Huko Marekani treni na waongozaji wake huzungumza kwa redio katika masafa ya kati ya megahezi 160 na 162. Mpenzi wa treni hununua skana, yaani redio inayopitia masafa mengi moja baada ya jingine na kusimama penye maongezi. Anaposikia mwongozaji akitoa ruhusa na dereva akiirudia, anajua treni ya mizigo itapita darajani baada ya muda gani, naye huchukua kamera yake na kwenda kuisubiri. Wengine huunganisha skana zao na intaneti ili watu wa mbali nao wasikie. Hivyo ndivyo sauti zile zilivyofika Ushongo, sisi tukiwa saa mbili usiku na watu wa Chicago wakiwa saa tano asubuhi.

Ile mistari ya rangi nayo ina maelezo yake. Mbali na sauti za watu, mitambo ya reli hutumiana ishara kwa redio kuhusu taa na mahali njia zinapogawanyika. Wapenzi wa treni walitengeneza programu iitwayo ATCS Monitor, ambayo huzipokea ishara hizo na kuzichora kwenye kompyuta ya nyumbani, karibu kama anavyoziona mwongozaji ofisini kwake. Uingereza wamekwenda njia nyingine. Kampuni ya Network Rail ilifungua taarifa za mwendo wa treni zake kwa umma mwaka 2012, hivyo mtu hahitaji kunasa chochote.

Wakati wote huo baba mkwe wetu alikuwa amejilaza kwenye kiti cha kamba karibu na mlango. Mzee huyu alifanya kazi ya reli Korogwe mpaka alipostaafu, na kwa kawaida kompyuta za wajukuu humpa usingizi. Safari hii aliamka.

"Huyo anayerudia maneno," akauliza, "ni dereva?"

"Ndiyo, Babu."

"Anapewa laini klia."

Hapo kiti cha kamba kikasogezwa mezani, na kijana wetu ndiye akawa mwanafunzi. Mzee alianza mbali, kama kawaida yake. Reli ya Tanga Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwaka 1963 kikafunguliwa kipande cha kuiunganisha na reli ya kati pale Ruvu. Njia yenyewe ni moja, treni ya kupanda na ya kushuka zinapishana stesheni tu. Kwa hiyo stesheni masta hakuiachia treni mpaka mwenzake wa mbele athibitishe kwa simu kwamba njia ni nyeupe. Ndipo ruhusa ikaandikwa kwenye karatasi, ikasomwa, ikarudiwa, na dereva akakabidhiwa mkononi.

"Usiporudia," alisema Mzee, "unaua."

Hakuna aliyemwuliza anawaza nini. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi kwenye mteremko mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Wakati huo Mzee alikuwa amekwisha kustaafu, lakini tunakumbuka kwamba siku ile hakula, na kwamba kila mgeni aliyeingia alimwambia jambo lile lile: kuna mahali watu hawakujua treni iko wapi.

Baada ya Mzee kwenda kulala, kijana wetu alibaki na swali ambalo kumbe lilikuwa likimsumbua. "Mama, maongezi yale hawakuambiwa watu kama mimi. Je, ni dhambi kuyasikiliza?"

Tungependa kusema tulimjibu kwa andiko. Tulimjibu kwa habari ya simu ya upepo.

Mwaka 2003, tukiwa wauguzi wapya, tulifanya kazi katika kituo kimoja cha afya kilicho mbali na barabara. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika. Tulikuwa na simu ya upepo iliyotumia betri ya gari na waya mrefu uliofungwa kati ya miembe miwili. Kila asubuhi saa tatu vituo na parokia zote zilifungua redio zao, na kila kituo kikasema shida zake kwa zamu: dawa zimekwisha, gari limekwama, mgonjwa anahitaji damu. Anayesema hubonyeza kitufe, akimaliza husema "ova", na wote wenye redio ya masafa hayo humsikia.

Usiku mmoja mama mmoja alianza kuvuja damu baada ya kujifungua. Tuliita hospitali mara nyingi bila jibu, saa kama ile mitambo yao ilikuwa imezimwa. Aliyejibu ni mwinjilisti wa parokia nyingine kabisa, ambaye alikuwa na mazoea ya kuiacha redio yake wazi huku akisoma. Tulikuwa hatumwiti yeye. Hata hivyo alimwamsha dereva, na kabla ya mapambazuko Landrover ilikuwa mlangoni. Yule mama alipona, na mtoto wake sasa ni mtu mzima.

Wiki haikuisha, tukitumia redio ile ile, tuliomba ushauri kuhusu msichana wa shule aliyegundulika kuwa na mimba. Tulitaja jina lake. Hakuna aliyetulazimisha, ilikuwa haraka na mazoea. Msichana alikwenda nyumbani kwa miguu mwendo wa saa mbili, na alipofika sokoni habari ilikuwa imemtangulia. Baadaye tulianza kutumia namba badala ya majina. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuhamishiwa kwa ndugu wa mbali, nasi hatukupata nafasi ya kumwomba radhi. Mpaka leo tukisikia jina kama lake likiitwa kliniki, moyo hushtuka.

Kijana wetu alikaa kimya kwa muda, kisha akafuta majina mawili ya madereva aliyokuwa ameyaandika kwenye daftari lake. Namba za treni aliziacha.

Wazazi wenzetu, iko pia sheria, nayo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Marekani husikiliza kwingi huruhusiwa, ingawa sheria yao ya mawasiliano ya mwaka 1934 huweka mipaka juu ya kuwatangazia wengine ulichokisikia au kujinufaisha nacho. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006, kusikiliza kwa makusudi maongezi ya redio yasiyokuhusu ni kosa. Hapa kwetu, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila kibali. Kwa hiyo kijana anayetaka kununua kifaa cha namna hii na aulize kwanza TCRA. Hata treni yetu ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, mitambo yake ya mawasiliano ni ya kidijitali, na skana haiambulii maongezi yoyote humo.

Lakini ziko ishara zinazotolewa makusudi ili kila mtu azipokee, nazo ndizo alizotuonyesha siku iliyofuata. Meli zenye tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa, pamoja na meli za abiria, hutakiwa kubeba mtambo uitwao AIS. Mtambo huo hutangaza jina la meli, mahali ilipo, mwendo wake na inakoelekea, ili wengine wasigongane nayo. Kwa kidude kidogo kama kidole, waya juu ya mnazi na kompyuta ile ile, kijana wetu aliziona meli zikipita kati yetu na Pemba, kila moja kama pembetatu ndogo kwenye ramani. Babu alifurahi kupita kiasi. Alitaka ajulishwe kila inayogeuza kuingia Tanga, na akailalamikia moja kwa kuchelewa.

Habari husambaa haraka kijijini. Jioni hiyo kaskazi ilikuwa kali, mawimbi yakivunjika hata upande wa Maziwe, na jirani yetu akapiga hodi akiwa amejitanda kanga.

"Shikamoo, Bi," kijana akamwamkia.

"Marahaba, baba. Nasikia una mashine inayoona vyombo vya baharini."

Akaonyeshwa. Akatazama pembetatu moja kwa makini, akasomewa jina la meli, bendera yake na mwendo wake.

"Na wangu yuko wapi?"

Mumewe alikuwa ametoka na ngalawa tangu alfajiri. Kijana wetu alisogeza ramani kushoto, akaisogeza kulia. Pale tulipojua kuna wavuvi wetu si chini ya kumi palikuwa na rangi ya buluu tupu. Ngalawa haina mtambo, wala betri, na simu ya mumewe haikupatikana. Kijana alijaribu kueleza kwamba kioo huonyesha tu chombo kinachojitangaza. Jirani alitikisa kichwa taratibu, akamshukuru, akajifunga kanga upya na kuelekea ufukoni. Tulichukua tochi tukamfuata, Mama Nesi na kijana wake, huku Babu akibaki mezani kulinda meli zake.

Tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Hatukusema mengi. Yeye alisoma dua zake nasi tukasali kimoyomoyo. Kama saa nne hivi alisimama ghafla, akatunyamazisha kwa mkono, ingawa hakuna aliyekuwa akisema.

"Ndiye," akasema.

Hatukuona kitu, wala hatukusikia ila upepo. Baadaye kidogo nasi tukakisikia, kikija na kupotea kwenye mawimbi: kikohozi cha mwanamume, kile ambacho tumemsihi mara nyingi aje kituoni tukipime.