Ukiombwa muziki wa filamu, usikimbilie kinanda

HUENDA wewe ni kijana wa Mikindani mwenye kinanda na kompyuta chumbani, na rafikiyo aliyepiga filamu fupi ya dakika kumi amekuomba umtungie muziki. Kabla hujagusa kitufe, yasikize haya machache.

Kwanza, itazame filamu yote pasi na kupiga chochote. Kisha keti na mwelekezi, muandike daftarini kila mahali muziki unapoanzia na unapokomea, kwa dakika na sekunde. Filamu ya dakika kumi haihitaji muziki wa dakika kumi. Watu wanapozungumza, ukivumisha ngoma hakuna atakayesikia walisemalo.

Pili, piga hesabu. Mwendo wa mapigo 120 kwa dakika una maana kwamba kila pigo ni nusu sekunde. Mapigo manne ni sekunde mbili, na tukio la sekunde 40 litajazwa na mafungu 20 ya mapigo manne. Ukijua hivyo, mlango utagongwa kwenye picha na ngoma ilie papo hapo.

Tatu, chagua sauti kwa busara. Chakacha ni ngoma ya harusi. Ukiiweka kwenye tukio la matanga, watazamaji wa Pwani watacheka badala ya kulia. Tena mtaa una sauti zake: adhana, kwaya, malori yaendayo bandarini. Pengine hizo zinatosha, muziki ukanyamaza.

Wala usidhani kwamba filamu fupi haifiki mbali. "Pumzi" ya Wanuri Kahiu, iliyotoka mwaka 2009 kwa muziki wa Siddhartha Barnhoorn, haifiki hata nusu saa, lakini ilionyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 2010. "Watu Wote", kuhusu abiria Waislamu waliowakinga Wakristo basi liliposhambuliwa Mandera mwaka 2015, iliteuliwa kuwania tuzo za Oscar mwaka 2018.

Sasa, ya rafikiyo ikifika huko, muziki utakuwa wa nani? Hapa ndipo vijana wengi wanaweza kuumia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake, ila kama mmepatana vingine. Ikibaki kwako, hulindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, yaani hata wanao watafaidi.

Basi andikianeni, hata kama ni karatasi moja. Taja malipo, taja kwamba muziki ni wa filamu hiyo tu, kwamba jina lako litaonekana mwishoni, na kwamba hakimiliki yabaki kwako. Kisha tieni sahihi wote wawili. Kufanya hivyo si kumshuku rafikiyo, ni kuulinda urafiki wenyewe. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari.